Ziwa Champlain na Samuel de Champlain: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mgeni anayenifikia hapa Burlington, mji wa Vermont ulio kando ya ziwa hili, kutoka nyumbani, awe wa Bukavu, Kigoma au Mombasa, tukishuka ufukweni jioni huniuliza maswali yale yale. Maji haya ni ya nani? Huyo Champlain ni mtu au ni kitu? Na mbona ziwa tulivu hivi limezungukwa na magofu ya ngome? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Penye mengi nimekaa, pasipo na mengi nimepita.

Ziwa hili liko wapi, na lina ukubwa gani?

Liko kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ufuko wake wa mashariki ni wa jimbo la Vermont, wa magharibi ni wa New York, na ncha ya kaskazini inaingia Kanada, katika jimbo la Quebec. Ni ziwa refu na jembamba: toka kusini hadi kaskazini ni karibu kilomita 190, lakini palipo papana kuliko pote hapafiki kilomita 20. Kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 120. Mgeni wangu wa Bukavu nilimweleza hivi: eneo la maji yake halifiki nusu ya Kivu, ila kwa urefu linapita Kivu mara mbili.

Jambo la kushika mapema ni maji yanakoelekea. Yanakwenda kaskazini. Yanatoka kwa mto Richelieu, yanaingia mto mkubwa wa Saint Lawrence, kisha baharini. Upande wa kusini, kipande kifupi tu cha nchi kavu kinalitenga ziwa na mto Hudson, unaoshuka hadi jiji la New York. Itazame ramani utaona barabara ya maji iliyonyooka kati ya Montreal na New York, katika nchi ambayo zamani ilikuwa misitu mitupu na milima pande zote mbili. Mwenye ziwa alikuwa na njia. Karibu yote yaliyotokea hapa kwa miaka 400 yanaanzia hapo.

Kabla ya Champlain liliitwaje?

Waabenaki, ambao nchi yao iko mashariki, huliita Bitawbagok, yaani ziwa lililo katikati. Wamohawk wa magharibi, taifa mojawapo la muungano wa Haudenosaunee ambao Wafaransa waliwaita Wairoquois, huliita Kaniatarakwà:ronte, jina linalotaja mahali njia ya maji inapotuna. Nasema "huliita", si "waliliita", kwa sababu watu hao wapo na majina hayo yapo.

Jina la Waabenaki ndilo linalonikaa moyoni, kwa kuwa linataja kazi ya ziwa. Lilikuwa katikati ya mataifa yasiyopatana. Champlain mwenyewe aliandika kwamba aliona visiwa vizuri vilivyowahi kukaliwa na watu, lakini wakati huo vilikuwa vimehamwa kwa sababu ya vita. Mpaka, basi, haukuletwa na Wazungu. Waliukuta.

Waabenaki pia husimulia habari za Odzihozo, maana yake Aliyejiumba Mwenyewe. Kabla hajapata miguu alijikokota juu ya nchi, na kule kujikokota ndiko kulikoinua milima na kuchimba mabonde ya mito. Ziwa likawa kazi yake ya mwisho, na lilimpendeza mno hata akajigeuza jiwe ili abaki humo.

Samuel de Champlain alikuwa nani?

Alikuwa baharia na mchora ramani kutoka Brouage, mji wa bandari na biashara ya chumvi katika pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mwaka wake wa kuzaliwa ulibishaniwa kwa muda mrefu, vitabu vingi vikitaja 1567 au 1570. Kisha ikapatikana katika kumbukumbu za La Rochelle hati ya ubatizo wa mtoto Samuel ya Agosti 1574, katika kanisa la Waprotestanti, na wataalamu wengi wanaiona kuwa ni yake.

Alifika mto Saint Lawrence mara ya kwanza mwaka 1603. Tarehe 3 Julai 1608 alianza kujenga makazi ya Quebec, na ndiyo sababu anaitwa baba wa Ufaransa Mpya, yaani koloni la Wafaransa huko Kanada. Baridi ya kwanza ilikuwa mauti. Katika watu 28 waliobaki naye pale, waliofikia majira ya kuchipua walikuwa 8. Wengi wa waliokufa waliuawa na kiseyeye na kuhara. Alivuka Atlantiki zaidi ya mara 20, katika vyombo vya mbao vya zama zile.

Mwaka 1610 alimwoa Hélène Boullé, binti wa Paris aliyekuwa na umri wa miaka 12. Binti huyo aliishi Quebec miaka minne tu, kuanzia 1620, na baada ya kufiwa na mume akaingia utawa. Ninalitaja kwa sababu sanamu za Champlain ni nyingi, naye Hélène ni nadra kutajwa.

Je, ndiye aliyeligundua ziwa?

Hapana. Alipelekwa.

Katika kiangazi cha mwaka 1609 alisafiri na wapiganaji wa Wainnu, Waalgonquin na Wawendat, waliotaka msaada wa bunduki dhidi ya Wamohawk. Yeye alitaka biashara ya manyoya, na alitaka kuonyeshwa nchi. Wakapatana. Mashua yake ya Kifaransa ilikwama kwenye maji makali ya mto Richelieu, mahali panapoitwa leo Chambly, akairudisha pamoja na wengi wa watu wake, akaendelea na Wafaransa wawili tu ndani ya mitumbwi ya magome ya mti. Wenyeji walikuwa 60, mitumbwi 24. Njia waliijua wao, na jinsi ya kuibeba mitumbwi mabegani kuyapita maji makali waliijua wao. Waliokuwa wakimweleza kilichoko mbele ni wao vilevile: kwamba ng'ambo ya ziwa liko ziwa lingine, na ng'ambo ya hilo uko mto unaokwenda pwani ya kusini. Aliyoyaandika kuhusu nchi ya mbele ni maneno yao.

Watu wa Afrika Mashariki tunaijua habari hii. John Hanning Speke alipolifikia Ziwa Victoria mwaka 1858 alikuwa ndani ya msafara uliosemezana kwa Kiswahili, na Sidi Mubarak Bombay alikuwa pamoja naye.

Nini hasa kilitokea tarehe 30 Julai 1609?

Tunayoyajua yanatoka kwa mtu mmoja, Champlain, katika kitabu alichokichapisha Paris mwaka 1613. Wamohawk hawakuacha maandishi ya siku ile.

Kadiri walivyokaribia nchi ya adui ndivyo walivyobadili mwendo: usiku walipiga makasia, mchana wakajificha msituni bila kuwasha moto. Kila asubuhi wenzake walimwuliza, umeota nini? Siku moja akawaambia ameota Wairoquois wakizama ziwani karibu na mlima, na wenzake wakaishika ndoto hiyo kama ishara ya ushindi.

Jioni ya 29 Julai, kama saa nne usiku, makundi mawili yakakutana majini karibu na rasi ya upande wa magharibi. Wengi huitaja Ticonderoga, wengine Crown Point, umbali wa kilomita ishirini hivi kaskazini. Wairoquois walishuka pwani wakaanza kukata miti ya kujengea boma. Washirika wa Champlain walibaki majini, mitumbwi yao ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Wajumbe wakaenda na kurudi: mnataka vita? Tunataka, lakini giza haliwezi kututambulisha nani ni nani; tungoje jua. Basi usiku kucha ikawa nyimbo, ngoma na matusi ya kurushiana.

Wafaransa watatu walilala chini ndani ya mitumbwi wasionekane. Kulipokucha, Wairoquois wapatao 200 walitoka bomani taratibu, kwa utulivu ambao Champlain aliusifu katika kitabu chake, wakiongozwa na wakuu watatu waliojulikana kwa manyoya marefu vichwani. Washirika wakaifungua safu yao katikati. Champlain akatokea, amevaa deraya na kofia ya chuma, akatembea hatua ishirini mbele ya wenzake hadi alipobakiza hatua thelathini hivi kuwafikia adui. Gobori lake alilijaza risasi nne. Akalipua. Wakuu wawili wakaanguka hapo hapo, na mtu wa tatu akajeruhiwa, akafa baadaye. Wairoquois walikuwa wamevaa ngao za mwili zilizofumwa kwa nyuzi na vijiti, zenye kuzuia mishale vizuri, na hazikuwafaa kitu. Mfaransa wa pili alipofyatua kutoka msituni, wakakimbia.

Washirika waliojeruhiwa kwa mishale walikuwa kumi na watano au kumi na sita. Walikamata mateka kumi hivi. Usiku ule mateka mmoja aliteswa kwa moto, Champlain akapinga, na mwishowe akaruhusiwa kumwua kwa risasi moja.

Vita vyenyewe vilikuwa vya muda mfupi sana. Mimi nikifika mahali pale huwaza zaidi ule usiku wa nyimbo kuliko ule mlio wa asubuhi. Ulikuwa usiku wa mwisho wa vita vya aina ile katika ziwa hili.

Je, risasi ile ndiyo iliyoleta uadui wa Wafaransa na Wairoquois?

Watu hupenda kusema hivyo, kwamba gobori moja lilileta karne ya damu. Si sahihi. Uadui kati ya Wamohawk na washirika wa Wafaransa ulikuwepo tayari, na Champlain aliingia katika ugomvi wa watu wengine akachagua upande. Kilichobadilika ni silaha. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule, Henry Hudson, Mwingereza aliyetumikia Waholanzi, alipanda mto ambao leo una jina lake mpaka karibu na palipo mji wa Albany. Baada ya muda Wamohawk nao walikuwa wananunua bunduki kwa Waholanzi.

Ni kweli aliliita ziwa kwa jina lake mwenyewe?

Ni kweli. Alilitaja hivyo katika maandishi yake na kulichora hivyo katika ramani. Ni jambo la nadra kidogo hata kwa wasafiri wa Ulaya. Speke alilipa Nyanza jina la malkia wake. Msafiri Teleki, Mhungaria, mwaka 1888 alilipa ziwa la kaskazini mwa Kenya jina la mwana wa mfalme, Rudolf. Champlain alijiwekea lake.

Ziwa Rudolf lilirudi kuwa Turkana mwaka 1975. Hapa jina limebaki, na sidhani litaondoka karibuni, lakini mtu akiniuliza kama ni halali kulitumia jina la Bitawbagok, humjibu kwamba ndilo la kwanza.

Picha yake tunayoiona vitabuni ni yake?

Si yake. Uso ule wenye masharubu na nywele ndefu umetokana na mchoro wa mtu mwingine, Michel Particelli d'Émery, aliyesimamia fedha za Ufaransa. Mtu alichukua mchoro ule karne ya 19 akauita Champlain, na sanamu zikaigiza. Taswira pekee ya Champlain ya wakati wake ni ile ndogo iliyomo katika mchoro wa vita vya 1609 ndani ya kitabu chake: mtu mdogo mwenye kofia ya chuma, akifyatua bunduki. Na mchoro huo nao una minazi nyuma ya wapiganaji. Minazi, katika nchi inayoganda miezi mitatu! Mchongaji wa Paris alikuwa hajaiona nchi hiyo.

Alifia wapi?

Quebec, tarehe 25 Desemba 1635. Waingereza walikuwa wameuteka mji huo mwaka 1629, ukarudishwa kwa mkataba wa 1632, naye akarudi mwaka uliofuata. Kaburi lake halijulikani lilipo hadi leo, japo limetafutwa sana na wachimbaji.

Mbona ziwa limezungukwa na ngome?

Kwa sababu ya ile njia. Wafaransa walijenga ngome ya Sainte-Anne katika kisiwa cha Isle La Motte mwaka 1666, kisha Saint-Frédéric huko Crown Point kuanzia 1734, na kuanzia 1755 Carillon, upande wa kusini. Julai 1758 jeshi la Waingereza la watu karibu 16,000 liliishambulia Carillon, iliyolindwa na watu kama 3,600 wa Montcalm, jemadari wa Wafaransa, likashindwa vibaya. Mwaka uliofuata Waingereza waliichukua wakaiita Ticonderoga. Tarehe 10 Mei 1775, Wamarekani wakiwa wameanza kupigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza, makamanda wao Ethan Allen na Benedict Arnold waliingia humo alfajiri na kuwakuta walinzi usingizini. Mizinga yake ilikokotwa juu ya theluji hadi Boston na Henry Knox, ikasaidia kuwatoa Waingereza katika mji ule.

Ila mimi nikiulizwa vita vipi vya ziwa hili vilikuwa na uzito, nitataja viwili vya majini.

Cha kwanza ni cha kisiwa cha Valcour, tarehe 11 Oktoba 1776. Arnold alikuwa na vyombo 15 vilivyojengwa haraka kwa mbao mbichi, vingi vikiendeshwa na watu wasiojua bahari. Alivificha nyuma ya kisiwa, akawaacha Waingereza wapite, kisha akapambana nao wakiwa wanahangaika dhidi ya upepo. Alipoteza karibu vyombo vyote katika siku zile. Lakini Waingereza walikuwa wametumia kiangazi kizima kujenga merikebu za kumkabili, na sasa baridi ilikuwa imebisha hodi. Wakarudi Kanada. Uvamizi ukachelewa mwaka mzima, na walipokuja tena mwaka 1777 waliishia kujisalimisha Saratoga. Mashua moja ya Arnold, Philadelphia, iliopolewa mwaka 1935 ikiwa imesimama wima chini ya maji, mzinga wake ukiwa mahali pake. Sasa iko katika jumba la makumbusho jijini Washington. Mwenzake, Spitfire, alionekana chini ya ziwa mwaka 1997 na angali huko.

Cha pili ni cha Plattsburgh, tarehe 11 Septemba 1814. Marekani na Uingereza zilikuwa vitani tena. Thomas Macdonough, kamanda wa Wamarekani, alitia nanga ghubani na kupanga kamba za nanga ili aweze kuigeuza manowari yake palepale ilipo. Mizinga ya ubavu mmoja ilipozimwa, aliizungusha manowari hiyo, iliyoitwa Saratoga, akatoa ubavu mzima. Kamanda wa Waingereza, George Downie, aliuawa mapema. Manowari zao kubwa zikasalimu amri, na jeshi lao la nchi kavu la watu wapatao 10,000 likageuza kurudi Kanada. Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Ghent mkesha wa Krismasi mwaka ule ule.

Ni kweli Wamarekani walijenga ngome ndani ya Kanada?

Ndiyo, na ni kisa ninachopenda kukisimulia. Baada ya vita, mwaka 1816, Wamarekani walianza kujenga ngome mahali ziwa linapoanza kuwa mto, karibu na Rouses Point, ili Waingereza wasipite tena. Mpaka ulitakiwa uwe kwenye latitudo ya nyuzi 45. Mwaka 1818 wapimaji walipopima upya, ikaonekana mstari wa zamani ulikuwa umechorwa kaskazini mno. Ngome ilikuwa zaidi ya kilomita moja ndani ya ardhi ya Mwingereza. Kazi ikasimama, na wanakijiji wakajibebea mawe na mbao kujengea nyumba zao. Watu wakaiita Ngome ya Kosa.

Mkataba wa 1842 kati ya Marekani na Uingereza ulikubali mstari wa zamani uliokosewa uwe ndio mpaka, na mahali pale pakawa pa Marekani. Kuanzia mwaka 1844 ikajengwa ngome mpya hapo hapo, Montgomery. Magofu yake yanaonekana ukivuka daraja.

Manowari je, zipo leo?

Hazipo. Makubaliano ya 1817, yanayoitwa ya Rush na Bagot, yaliruhusu kila upande chombo kimoja tu katika Ziwa Champlain, kisichozidi tani 100, chenye mzinga mmoja. Leo kinachopita ni feri, mashua za tanga na boti za wavuvi.

Je, watu waliotoroka utumwa walipita hapa?

Walipita. Njia ile ile ya majeshi ikawa yao. Mfereji wa Champlain, uliokamilika mwaka 1823, uliunganisha ziwa na mto Hudson, na meli za moshi zilikwenda hadi karibu na mpaka wa Kanada. Baada ya sheria ya 1850 iliyotaka waliotoroka warudishwe hata kutoka majimbo yasiyo na utumwa, kufika majimbo ya kaskazini mwa Marekani hakukutosha. Ilibidi kuvuka mpaka. Huko Ferrisburgh, Vermont, shamba la Rokeby la familia ya Robinson, Wakwekeri, lilipokea watu hawa na kuwapa kazi na malazi. Sasa ni makumbusho. Ukiwa na siku moja tu, acha ngome, nenda Rokeby.

Ni mojawapo ya Maziwa Makuu ya Marekani?

Lilikuwa, kwa siku 18. Machi 1998 Seneta Patrick Leahy wa Vermont aliingiza kifungu katika sheria ya fedha za utafiti wa maji, na Rais Clinton alipoitia saini tarehe 6, Champlain likawa Ziwa Kuu la sita kisheria. Watu wa Michigan na Ohio wakapiga kelele. Tarehe 24 kifungu kikaondolewa, lakini vyuo vya Vermont vikaruhusiwa kuomba fedha zile.

Nimesikia kuna mifupa ya nyangumi Vermont, milimani. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu palikuwa bahari. Barafu kuu ilipoyeyuka miaka kama 13,000 iliyopita, nchi ilikuwa bado imedidimia kwa uzito wa barafu hiyo, na maji ya Atlantiki yakaingia bondeni. Mwaka 1849 wajenzi wa reli huko Charlotte walifukua mifupa ya nyangumi mweupe, zaidi ya kilomita 200 kutoka bahari iliyo karibu. Nchi ilipoinuka tena, chumvi ikaondoka. Na katika Isle La Motte yapo mawe yenye mabaki ya miamba ya viumbe vya bahari, ya miaka karibu milioni 480.

Na yule mnyama wa ziwani, Champ?

Watoto wa hapa wanamjua kabla ya kumjua Champlain. Picha mashuhuri ilipigwa mwaka 1977, na mabunge ya Vermont na New York yalipitisha maazimio ya kumlinda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mara nyingi husemwa kwamba Champlain alimwona nyoka mkubwa mnene kama pipa. Maneno hayo hayamo katika maandishi yake. Alichokieleza ni samaki ambaye wenyeji walimwita chaousarou: ana mdomo mrefu wenye safu mbili za meno, na magamba magumu ambayo kisu hakiyapenyi. Aliambiwa kwamba samaki huyo hujificha kwenye matete na kutoa mdomo nje bila kutikisika, hata ndege wakatua juu yake wakidhani ni kijiti, naye akawanasa. Ni samaki wa kweli, na bado anaishi ziwani.

Maji ni salama? Naweza kuogelea?

Mara nyingi ndiyo, na mji wa Burlington hunywa maji ya ziwa hili baada ya kuyasafisha. Lakini wakati wa joto, hasa Julai hadi Septemba, ghuba zenye kina kifupi hufunikwa na mwani wa kijani wenye sumu. Ukiona maji yamekuwa kama rangi ya kupaka nyumba au supu ya mchicha, usiingie, na mbwa wako asiyanywe. Tangazo la ufuko kufungwa likitoka, litii.

Chanzo ni fosforasi: samadi na mbolea za mashamba ya ng'ombe wa maziwa, maji ya mvua ya mijini, kingo za mito zinazomomonyoka. Ghuba ya Missisquoi, ambayo Vermont inashirikiana na Quebec, ndiyo inayoumia zaidi. Mwaka 2002 pande mbili zilikubaliana kugawana mzigo wa kupunguza, Vermont asilimia 60 na Quebec 40. Hapa ndipo maana ya ziwa la katikati inaporudi. Katika bonde lote linalomwaga maji ziwani, asilimia 56 iko Vermont, 37 New York na 7 Quebec, na mvua ikinyesha shambani upande mmoja, uchafu haungoji pasipoti. Nimemwona mzee mmoja wa kule ghubani akitazama maji ya kijani kwa uso wa mtu aliyefiwa. Kupunguza kunakwenda polepole mno.

Kuna pia wageni wabaya: kome wenye milia walioonekana kwanza mwaka 1993, ambao huganda kwenye mabomba na kwenye mabaki ya merikebu za kale hadi mbao zisionekane. Ukitembea peku, miguu yako itawajua.

Huganda kweli, na watu hupita juu?

Ghuba huganda kila mwaka, na wavuvi hutoboa barafu wakakaa na ndoano. Katika karne ya 19 ziwa zima liliziba karibu kila mwaka. Sasa si hivyo. Liliziba lote mwaka 2014 na tena 2015, lakini miaka ya kubaki wazi katikati imekuwa ya kawaida. Usikanyage barafu kwa sababu umeona nyayo za mtu mwingine. Waulize wavuvi kwanza, maana unene hubadilika hatua chache tu mbele.

Hivi huko kuna watu wanaosema Kiswahili?

Wapo wengi kuliko unavyodhani. Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu wamepokelewa Burlington na Winooski kwa miaka zaidi ya ishirini, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za nyumbani katika shule za hapa. Jumamosi za kiangazi ufukweni utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha kambi za Kigoma kando ya jiko la mkaa, na samaki wa ziwa akiwa juu yake.

Nikija, nianzie wapi?

Anzia Crown Point. Pana magofu ya Saint-Frédéric, na karibu yake mnara wa taa wa mwaka 1912 wenye sanamu ya Champlain na uso wa shaba wa mwanamke, kazi ya Auguste Rodin, zawadi ya Ufaransa. Kisha panda kaskazini hadi Burlington kabla jua halijazama. Simama ufukweni utazame kusini-magharibi, ghubani: kuna jiwe dogo lililochomoza peke yake majini. Ramani huliita Rock Dunder. Waabenaki ndilo wanalosema ni Odzihozo, na tangu zamani wakipita hapo kwa mtumbwi huacha tumbaku.